Tunapima ufahamu, hatuufundishi: barua ya wazi kwa wasimamizi wa elimu Tanzania

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya Elimu na TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania, na Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani la Tanzania

YAH: WANAFUNZI WANAOSOMA BILA KUELEWA NA KUHESABIWA KUWA HAWANA UMAKINI

Waheshimiwa,

Nawaandikia kama mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari ya kata, nikiwa na jambo moja ambalo naamini liko ndani ya uwezo wenu nyote wanne kulirekebisha bila kusubiri mkopo wala mradi wa wafadhili. Kila mwaka Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo na swali kwa swali, na karibu kila taarifa ninayoifungua hurudia sababu zilezile za watahiniwa kufanya vibaya: kutoelewa matakwa ya swali, umahiri mdogo wa lugha, na maarifa finyu ya mada husika. Shuleni taarifa hizi hupitiwa kwa haraka katika kikao cha tathmini, kisha mtu husema kwamba watoto wa siku hizi hawatulii, kikao kinahamia kwenye ratiba ya masomo ya jioni, na ile sababu ya kwanza inabaki pale pale haina mwenyewe. Barua hii inahusu sababu hiyo isiyo na mwenyewe.

Mwanafunzi ninayemzungumzia anajua kusoma. Ukimsimamisha asome aya katika kitabu cha kiada, ataisoma kwa sauti inayosikika, atatua penye nukta, atapumua penye mkato. Mwulize aya imesema nini, naye atarudi mwanzo na kuisoma upya, safari hii polepole zaidi, kana kwamba unachokitaka ni sauti. Mwambie afunge kitabu aeleze kwa maneno yake mwenyewe, atanyamaza. Akishanyamaza hivyo kwa majuma kadhaa huanza kufanya kile ambacho mtu mzima yeyote hukifanya akikalishwa mbele ya jambo asilolielewa, yaani huchungulia dirishani, huchora pembeni mwa daftari, humchokoza jirani, husinzia. Mwisho wa muhula fomu ya maendeleo inakwenda nyumbani ikiwa na maoni ya mwalimu wa darasa kwamba mtoto hana umakini na asimamiwe, na mzazi, ambaye pengine hakubahatika kufika sekondari, anamsimamia kwa namna anayoijua yeye.

Hoja yangu ni kwamba tumelipanga jambo hili kinyume. Tunaamini kuwa mtoto haelewi kwa sababu hazingatii, ilhali kwa wengi ninaowafundisha umakini wenyewe hupotea baada ya maana kupotea. Kosa hilo la mpangilio lina gharama, kwa sababu anayeamini kwamba tatizo ni umakini atatafuta dawa katika nidhamu, atahamisha mtoto dawati la mbele, atamwongezea masomo ya jioni, atamchapa. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinamruhusu mkuu wa shule kutoa au kuidhinisha viboko visivyozidi vinne kwa makosa makubwa ya nidhamu, na sioni mahali zinapotaja kutoelewa aya kuwa ni kosa.

Wapo wanaosema kwamba chanzo ni simu. Sikatai kwamba simu humla mtoto muda na usingizi, na katika shule za mijini jambo hilo linastahili barua yake. Lakini dalili ninazozieleza nimeziona pia kwa watoto ambao nyumbani kwao simu pekee ni ya vitufe, na nimeona kijana anayedaiwa hawezi kutulia dakika tano akifuatilia mjadala mrefu wa maandishi kuhusu usajili wa Simba na Yanga, neno kwa neno, na kumkosoa mwenzake aliyekosea jina la klabu alikotoka mchezaji. Anatulia kwa sababu anayajua majina, anaijua historia ya ugomvi, na kila sentensi mpya inapata pa kukaa.

Wataalamu wa usomaji wamelieleza hili kwa muda mrefu. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walipendekeza kwamba ufahamu wa kusoma ni zao la vitu viwili vinavyozidishana: uwezo wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe inaposemwa. Neno la kushika hapo ni kuzidishana, kwani kimoja kikiwa sifuri, kingine hata kikiwa kikubwa namna gani, jibu ni sifuri. Mtoto anayetamka vizuri Kiingereza asichokielewa yuko hapo, na aliyeielewa hadithi aliposimuliwa lakini anatambua maneno yake kwa kuyaokota silabi moja moja yuko hapo pia. Huyu wa pili hupata shida nyingine inayofanana sana na kukosa umakini, kwa sababu akili hushika vitu vichache tu kwa wakati mmoja, na msomaji anayetumia nguvu zake zote kuunganisha silabi hufika mwisho wa sentensi akiwa amekwisha kuusahau mwanzo wake. Anayemtazama kwa nje huona mtoto asiyekumbuka alichosoma sekunde chache zilizopita, na huandika kile ambacho fomu ya maendeleo imezoea kuandikiwa.

Serikali ililiona tatizo la kutambua maneno na ikalishughulikia. Tathmini za mpango uitwao Uwezo, zilizowafuata watoto majumbani na kuwapa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, zilionyesha tangu mwanzo wa muongo uliopita kwamba watoto wengi waliokwisha kulipita darasa hilo hawakuweza kuisoma. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukabadilishwa, masomo yakapunguzwa, na Kusoma, Kuandika na Kuhesabu vikawekwa mbele. Naipongeza hatua hiyo bila kusita. Hata hivyo, KKK ilipoishia darasa la pili, mafundisho ya kusoma nayo yakaishia hapo. Kuanzia darasa la tatu tunachukulia kwamba mtoto amekwisha kujua kusoma na sasa anasoma ili ajue mambo mengine, na hakuna mwalimu yeyote, kuanzia hapo hadi kidato cha nne, ambaye ratiba inamtaka amfundishe namna ya kuchimbua maana katika matini ngumu. Mwalimu wa Kiswahili ana kipengele cha ufahamu, lakini muda wake mwingi unakwenda kwenye sarufi na fasihi. Mwalimu wa Jiografia anasema lugha si kazi yake, na mwalimu wa Historia, kwa kuwa ndiye ninayemjua zaidi, anasema silabasi ni ndefu.

Hata kipengele hicho cha ufahamu hatukifundishi, tunakipima tu. Tunatoa kifungu, tunatoa maswali, tunasahihisha, tunasonga mbele, na maswali yenyewe mara nyingi yanajibika bila kuelewa chochote. Naomba mnivumilie niwape kifungu nilichokitunga hivi sasa: "Mgarubi mmoja alitongorea hadi kwenye sholo la wandesi, akakuta mikwerezi yote imekwisha kushendewa." Swali la kwanza, mgarubi alitongorea hadi wapi? Hadi kwenye sholo la wandesi. Swali la pili, alipofika alikuta nini? Alikuta mikwerezi yote imekwisha kushendewa. Swali la tatu, pendekeza kichwa cha habari kinachofaa. Mgarubi na mikwerezi. Kwa mtindo wetu wa kusahihisha, msomaji wa barua hii amepata alama zote tatu katika habari isiyo na maana yoyote duniani. Wanafunzi wetu wanaijua mbinu hiyo kuliko tunavyodhani: hutafuta neno la swali ndani ya kifungu, hunakili sentensi lilimokaa, na huendelea. Ikimfikisha mwanafunzi darasa la saba, ataitumia kidato cha pili, na taarifa ya uchambuzi itakuja kusema kwamba baadhi ya watahiniwa walinakili sehemu za matini au maneno ya maswali mengine katika karatasi ya mtihani. Aliyewazoesha kufanya hivyo ni sisi.

Sasa niseme kuhusu lugha, ingawa najua kwamba neno hili likitajwa mjadala huhamia kwingine na haurudi. Tangu mwaka 1967 elimu ya msingi katika shule za serikali inatolewa kwa Kiswahili, na sekondari kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu, maarufu kama Tume ya Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee hadi sekondari. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walikagua Kiingereza cha wanafunzi wetu na kukiona hakitoshi kujifunzia masomo mengine, na baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Martha Qorro, wamelisema jambo hilo kwa miaka mingi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikatamka kwamba lugha zote mbili zitumike. Sitaki barua hii iwe ya kufungua upya mjadala ambao una wenyewe waliobobea. Nataka tu mtazame jambo moja ambalo mtaala mpya umetuletea bila kukusudia.

Katika mtaala huo somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa sekondari kwa Kiswahili, huku Historia ile nyingine ikiendelea kwa Kiingereza. Maana yake ni kwamba mwanafunzi yuleyule, katika chumba kilekile, pengine siku ileile na tumbo lilelile, anakutana na masomo mawili ya jamii moja yanayotofautiana hasa kwa lugha. Katika kipindi cha kwanza anauliza, anabisha, anaeleza aliyoyasikia kwa babu yake kuhusu ujamaa na kuhamia vijijini, na kipindi cha dakika 40 kinaisha mikono ikiwa bado juu. Katika kipindi cha pili mtoto huyohuyo anachora pembeni mwa daftari. Kama umakini ungekuwa tabia ya mtoto, angekuja nao katika vipindi vyote viwili au asingekuja nao kabisa. Natamani Taasisi ya Elimu au chuo kikuu chochote kitume watu wakae nyuma ya madarasa haya waone kwa macho yao, maana nafasi ya kulinganisha namna hii hutokea mara chache na haina gharama.

Lakini kubadilisha lugha peke yake hakutatosha, na hapa natofautiana kidogo na baadhi ya wenzangu wanaopigania Kiswahili. Katika somo hilo la Kiswahili wanafunzi husikiliza vizuri na kuzungumza vizuri, ila nikiwapa ukurasa wa kitabu wausome wenyewe, wengi bado huvuna majina na miaka tu. Tuna ushahidi kwamba Kiswahili ni msingi mzuri wa kusomea: mwaka 2007, katika tathmini ya darasa la sita iliyoendeshwa na SACMEQ, muungano wa kupima ubora wa elimu, katika nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, wanafunzi wa Tanzania Bara walikuwa miongoni mwa waliofanya vizuri zaidi katika kusoma, na waliufanya mtihani huo kwa Kiswahili wakati nchi nyingi nyingine ziliufanya kwa Kiingereza. Msingi upo. Kinachokosekana ni mtu wa kuendelea kujenga juu yake baada ya darasa la pili.

Nitoe mfano wa kile ninachokiita kufundisha ufahamu, kwa sababu ombi lisilo na mfano huishia kwenye makabati ya ofisi. Katika mada ya ukoloni kuna mkataba wa mwaka 1886 ambao Uingereza na Ujerumani waliutumia kugawana maeneo yao ya Afrika Mashariki kwa mstari uliotoka mto Umba hadi Ziwa Victoria ukiuzunguka Mlima Kilimanjaro, na ambao ulimwachia Sultani wa Zanzibar visiwa pamoja na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Mwanafunzi hukariri mwaka, mto, mlima na maili, na akiambiwa ataje masharti ya mkataba hutaja yote. Swali la ufahamu ni jingine: kwa nini walimwachia pwani na kumnyima bara? Jibu halijaandikwa popote katika aya ile. Ili alipate, lazima akumbuke kutoka mada iliyotangulia kwamba misafara ya pembe na watumwa iliishia bandarini na kwamba ushuru wa forodha ulikuwa nguzo ya mapato ya Sultani. Lazima pia aone kwamba wakubwa wawili walipanga kwanza wakamletea Sultani aridhie baadaye, na ajiulize "kuachiwa" kunamaanisha nini mtu anapoachiwa kile kilichokuwa chake. Nimekaa na darasa juu ya aya hiyo moja kipindi kizima, tukisoma sentensi, tukisimama, tukiulizana nani anasema, nani hakuulizwa, nini kimerukwa, kisha kila mmoja akaisimulia kwa jirani yake kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Hakuna aliyesinzia. Kipindi kilichofuata nilikuwa nyuma ya azimio la kazi, na mthibiti ubora wa shule angekuja siku hiyo angeniandika kuwa nimechelewa mada, na kwa mujibu wa fomu yake angekuwa sahihi.

Hapo ndipo mfumo unapotubana. Silabasi hupimwa kwa mada zilizomalizwa, na njia ya haraka ya kuzimaliza mada ni kuandika notisi ubaoni wanafunzi wakanakili. Katika darasa lenye wanafunzi wengi na vitabu vichache, kunakili kunaleta utulivu unaopendeza kuuona kutoka ofisini, vichwa vimeinama, kalamu zinakwenda, na mgeni akipita dirishani husifu nidhamu. Ukimwuliza aliyenakili ukurasa mzima umesema nini, hajui, kwa sababu macho na mkono vimefanya kazi bila kumpitia yeye. Elimu bila ada iliyoanza Januari 2016 iliwaingiza madarasani watoto ambao zamani wangebaki nyumbani, na hilo ni jema lisilo na mjadala, lakini iliongeza pia sababu za mwalimu kujificha nyuma ya ubao.

Vitabu vyenyewe vinahitaji neno. Katika shule nyingi vitabu vimo, ila vimo stoo. Mkuu wa shule anajua kwamba kitabu kikipotea mkaguzi atamwuliza, na kwamba hakuna mkaguzi atakayemwuliza kwa nini vitabu ni vipya mno. Kwa hiyo vinatolewa saa ya kipindi, kimoja kwa dawati au zaidi, na kurudishwa kabla ya kengele. Mtoto anayesoma kwa dakika chache kwa siku, bega kwa bega na wenzake, ukurasa ukigeuzwa na aliye mwepesi zaidi, atajifunzaje kukaa na matini ndefu? Kuweza kusoma kwa muda bila akili kuhama ni stahamala inayojengwa kama ya mkimbiaji, kidogo kidogo kila siku, na hajengi mtu stahamala hiyo kwa kitabu kinachofungiwa. Mheshimiwa Waziri wa TAMISEMI, waraka mmoja kutoka ofisi yako unaoruhusu vitabu kuazimwa nyumbani, na unaokubali kwamba idadi fulani itachakaa au kupotea bila mkuu wa shule kuwajibishwa kama mwizi, utafanya kazi kubwa kuliko semina nyingi.

Na viwe pia vitabu vya kusomwa kwa raha. Nchi hii ilianzisha Bodi ya Huduma za Maktaba kwa sheria ya mwaka 1963, na Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, ulichapisha hadithi nzuri za Kiswahili zilizofika mashuleni. Leo tunayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu chini ya Taasisi ya Elimu, na Maktaba Mtandao ya Taasisi hiyohiyo yenye vitabu vya kiada vya kupakua. Nashukuru kwa vyote. Ila maktaba mtandao katika shule yenye kompyuta moja ya ofisi ya taaluma inamsaidia mwalimu, haimfikii mtoto, na vitabu vya washindi wa tuzo vingefaa vifike kila sekondari ya kata kwa nakala za kutosha darasa zima kusoma hadithi moja kwa wakati mmoja.

Kuna mambo ya mwili ambayo sitayazungumzia kwa urefu kwa sababu hayana ubishi. Mtoto aliyetembea kilomita kadhaa asubuhi na asiyekula hadi jioni hatazingatia kitu chochote saa nane mchana, na mwongozo wa taifa wa chakula shuleni unalijua hilo. Kazi iliyobaki ni vijiji na kamati za shule kuutekeleza. Mtoto asiyeona ubao vizuri hajui kwamba wenzake wanauona vizuri, kwa hiyo hatasema, na mwalimu mwenye chati ya kupimia macho ukutani anaweza kumgundua katika muda wa kuita mahudhurio.

Lipo pia kundi dogo ambalo hata tukifanya yote niliyoyasema litaendelea kuhangaika. Ni watoto wenye akili nzuri ambao herufi na sauti zake zinakataa kushikamana vichwani mwao, hali inayoitwa disleksia, na wengine ambao kweli wana tatizo la kitabibu la umakini, lililokuwapo tangu utotoni na linaloonekana nyumbani, kanisani au msikitini na mpirani sawasawa na darasani. Kigezo hicho cha mwisho ni muhimu sana kwa mwalimu wa kawaida: anayepoteza umakini kila mahali anahitaji mtaalamu, anayeupoteza mbele ya kitabu tu anahitaji mwalimu. Mkakati wa taifa wa elimu jumuishi unataka watoto hawa wabainishwe mapema, lakini katika shule za kawaida ubainishaji bado unategemea ulemavu unaoonekana kwa macho. Mtoto wa disleksia anafika kidato cha nne akiitwa mzembe, na muda wa ziada wa mtihani ambao wenzake wenye uoni hafifu wanapewa hauombwi kwa niaba yake kwa kuwa hakuna aliyempima.

Nirudi kwenu, Waheshimiwa wa Baraza la Mitihani, kwa kuwa sote tunajua kwamba kinachotahiniwa ndicho kinachofundishwa. Nakumbuka, na ninyi mnakumbuka zaidi, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja la sifuri, Waziri Mkuu akaunda tume, na baada ya miezi michache matokeo yakapangwa upya. Vilivyobadilika haraka vilikuwa viwango vya alama. Uwezo wa mtoto kukaa na ukurasa mmoja na kutoka na maana yake haukuguswa, kwa kuwa hauguswi kwa kupanga upya. Ninachokiomba ni kwamba katika mitihani ya Historia, Jiografia, Uraia, Biolojia na mingineyo liwepo swali moja lenye matini ambayo mtahiniwa hajawahi kuiona, fupi, ya somo husika, na maswali yake yasijibike kwa kunakili: mwandishi anataka tuamini nini, ni jambo gani ameliacha, sentensi ya pili inaipinga vipi ya kwanza. Lianze na alama chache katika upimaji wa kidato cha pili. Mwaka unaofuata, nawahakikishia, kila mwalimu wa masomo hayo atakuwa anafundisha kusoma, akiwamo yule aliyesema lugha si kazi yake.

Kwa Taasisi ya Elimu, ombi langu ni la aina mbili. Kwanza, mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, yamewekwa ili walimu wakutane shuleni na kujadili matatizo yao ya kufundishia. Tupewe moduli ya kufundisha ufahamu kwa walimu wa masomo yote, yenye vifungu halisi kutoka vitabu vya kiada na namna ya kuvisoma na wanafunzi, isiyo na kurasa za falsafa. Pili, vitabu vya kidato cha kwanza viandikwe kwa kukumbuka nani anavisoma. Mtoto ametoka kusoma Sayansi kwa Kiswahili mwezi Septemba, na majuma machache ya kozi ya Kiingereza mwezi Januari hayawezi kumvusha hadi kwenye sentensi yenye vishazi vinne na istilahi sita. Sentensi ziwe fupi mwanzoni, istilahi zielezwe kwa lugha zote mbili pembeni mwa ukurasa uleule, na ugumu uongezwe sura kwa sura.

Ninalisema hili kwa haraka kidogo kuliko ilivyo desturi ya barua kama hii kwa sababu ya kalenda. Kwa mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024, wanafunzi walioanza nao wakiwa darasa la tatu watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao wenzao wa mtaala wa zamani watamaliza darasa la saba. Januari 2028 makundi yote mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja, na moja kati yao litakuwa na mwaka mmoja pungufu wa kusoma kwa Kiswahili kabla ya kuingizwa katika Kiingereza. Najua mnahesabu madarasa, madawati na matundu ya vyoo kwa ajili ya siku hiyo, kama inavyopasa. Naomba mtuambie walimu, kwa waraka na kabla ya mwaka huo kufika, ni kipindi kipi katika ratiba ya juma, cha mwalimu gani, kitakachotumika kuwafundisha watoto hao kuelewa wanachosoma.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa Historia,
Shule ya sekondari ya kata